Kipokezi Namba Saba

Kwenye ripoti, kisima cha Bi Chumu Shaame
kinaitwa Kipokezi Namba Saba.
Jina hilo nimekipa mimi,
nimeshika simu ya kampuni inayosoma majiranukta,
mguu mmoja juu ya jiwe, mmoja topeni,
naye kanisubiri na ndoo yake nimalize
ateke maji ya kunipikia chai.

Siku kumi nililipwa niulize.
Fomu kurasa sita, vijisanduku vitupu.
Unaitumia pwani? Ndiyo. Hapana.
Kwa shughuli ipi? Chagua moja.
Bi Chumu akacheka hata ushungi ukamponyoka.
"Moja! Mwanangu, huko ndiko ninakochokoa pweza,
ndiko ninakofunga mwani,
makumbi yangu yamefukiwa huko tangu Mfunguo Tatu,
na alipokufa Faki ndiko nilikokwenda kulia
watoto wasinione.
Chagua wewe, unayejua kuandika."

Nikaandika: mwani.

Popo wa Pemba kapata kurasa tatu na picha ya rangi.
Sina ugomvi na popo.
Kasa kapata jedwali.
Mikandaa ya kusini imehesabiwa shina kwa shina;
ya kaskazini imekadiriwa,
maana maji yalikuwa yamejaa
na mtaalamu alikuwa na ndege ya saa tisa.

Ukurasa wa mia mbili na kumi unaahidi pazia:
gati likianza kuchimbwa, tope la chini
litazuiliwa na pazia litakalotandwa ndani ya bahari.
Nilipowafasiria pale skuli, darasa la tano,
hesabu za kugawanya bado ziko ubaoni,
sauti ya nyuma ikauliza
atalifua nani.
Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka,
akamwomba katibu aandike
kwamba mazungumzo yalikuwa ya kirafiki.

Kikao kiliitwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua,
bahari imekauka hadi mwambani.
Yeyote anayeijua pwani ile
angejua wanawake wako wapi saa hiyo.
Walifika mwisho, kanga zimelowa hadi magotini,
wakakuta soda za moto na karatasi ya majina.
Bi Chumu akatia dole gumba
kwenye wino wa muhuri wa mwalimu mkuu,
kisha akalipangusa ukutani.
Alama ile ya ukutani ipo mpaka leo.

Ile ya karatasini nimeikuta Wete jana,
ripoti imejaladiwa, inanukia gundi,
imewekwa siku thelathini wananchi waisome,
kwa Kiingereza,
ndani ya kabati ambalo ufunguo wake
uko kwa bwana aliyekwenda harusini Unguja.
Nilingoja. Akarudi. Nikafungua Kiambatisho cha Tano.
Karatasi ni ileile, na madole ni yaleyale.
Juu palipoandikwa Waliohudhuria
sasa pameandikwa Walioridhia.
Herufi chache tu. Hata mstari haukusogea.

Nikaisoma yote, nikijitafuta humo.
Nimo, kwenye shukrani, jina limekosewa.
Nimo pia ukurasa wa tisini na nne,
Kipokezi Namba Saba, hali ya maji: matamu.

Matamu.
Chai ile ilikuwa na chumvi.
Si nyingi, ya kukaa nyuma ya ulimi,
nami nilimaliza kikombe, nikaomba cha pili,
kisha nikatia alama mbele ya macho yake,
kwani nani hutukana maji ya mwenyeji wake?

Basi mstari huo, wa uongo, wa adabu,
ndio pekee katika kurasa mia tatu
utakaosimama upande wake:
siku kisima kikiharibika, hakuna wa kumwambia
mbona yalikuwa hivyo tangu zamani.

Zimebaki siku kumi na tisa za kupinga.
Nimeanza barua mara nne.
Kila nikifika kwenye neno kweli
ile chumvi hunirudi kinywani.